Mama Aliyepigwa: Nani Alipe?

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mtu wa Bunia amelisikia kwa masikio yake, kama hajaliona kwa macho.

Ni usiku. Tuseme ni katika mtaa wa Mudzipela, au Saio, au Nyakasanza. Mahali hapana neno. Mume amerudi nyumbani. Labda amelewa, labda hakulewa. Chakula kimepoa, au fedha ya soko haikutosha, au hakuna sababu yo yote. Amepiga. Mama ametoka nje na mtoto mgongoni, damu yamtiririka juu ya jicho. Majirani wamesikia, lakini wamefunga madirisha yao, maana wasema, "Ni mambo ya nyumba."

Hatutaji jina la mama huyu. Hakuna haja. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi nzima ya Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha ya kuwa katika wanawake 100, wanawake 52 walikuwa wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu umri wa miaka 15, na mara nyingi mkono uliopiga ulikuwa wa mume. Basi jina lake laweza kuwa jina la dada yako, au la binti yako, au la bibi uliyemwacha nyumbani asubuhi hii.

Tumfuate mama huyu mpaka kuche. Mwenye pikipiki ataka malipo yake kabla ya kuondoka. Hospitalini ataka kununua fishi, kisha uzi wa kumshonea jeraha, kisha dawa. Akitaka kushtaki, yampasa kuwa na cheti cha mganga, na cheti kina bei. Akienda kwa polisi, huenda akaambiwa alete fedha ya karatasi. Akiogopa kurudi nyumbani, atalala wapi? Watoto watakula nini? Kesi ikienda mpaka tribinali, nani atamsemea? Kila mlango una bei, na mfuko wa fedha amebaki nao yule aliyempiga.

Hapo ndipo twakuta swali letu. Ni swali la roho na la haki, wala si la hesabu tu: Nani apaswa kulipa? Ukoo wake? Eklezya? Wafadhili wa ng'ambo? Au serikali, ile ambayo sisi huku twaiita Leta?

JE, NI MAMBO YA NYUMBA TU?

Wengi watajibu upesi, "Ukoo. Wazee wapo. Leta haina kazi katika nyumba ya mtu." Neno hili si la upuuzi. Nyumba ni kitu kitakatifu. Mungu ameweka jamaa kabla ya kuweka wafalme, na serikali ikiingia ovyo ovyo katika kila nyumba, hakuna tena atakayekuwa na amani. Hata Eklezya imelinda daima haki za jamaa mbele ya wakubwa wa dunia.

Lakini tusikilize vizuri mafundisho ya Eklezya yenyewe. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alitetea sana nyumba isiingiliwe na serikali. Hata hivyo, mahali pale pale alifundisha ya kuwa haki za watu zikivunjwa vibaya ndani ya nyumba, yapasa serikali iingie na kumpa kila mmoja haki yake; na kufanya hivyo si kuwanyang'anya raia haki zao, bali ni kuzilinda. Hayo yalisemwa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Basi asitokee mkristu wa kutuambia ati ni mawazo mapya ya wazungu wa siku hizi.

Na wazee wa ukoo? Wako wazee wenye haki, nao wameokoa ndoa nyingi. Tuwashukuru. Lakini tuseme kweli: mara nyingine ukoo wa mama waogopa kurudisha mahari. Ng'ombe wamekwisha kutumika kumwolea kaka yake. Basi wamwambia, "Rudi, vumilia." Mume atozwa mbuzi, mbuzi aliwa na wakubwa, maneno yamekwisha. Katika mbuzi yule, ni kipande gani kilichotibu jicho la mama? Wahenga walisema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu." Mwanamume ashukaye kwa hasira kutetea dada yake aliyepigwa na shemeji, huyo huyo akirudi kwake ampiga binti wa watu.

DENI LA HAKI NA ZAWADI YA HURUMA

Sasa wengine watajibu, "Basi Eklezya imsaidie, pamoja na mashirika." Nao wamsaidia kweli. Katika vita vya Ituri, mwaka 2003, Waganga Wasio na Mipaka walifungua hospitali ya Bon Marché hapa Bunia, wakatibu majeruhi pamoja na wanawake walionajisiwa. Kabla ya hapo, mwaka 2000, akina mama wa hapa hapa, mmoja wao Julienne Lusenge, waliungana wakaanzisha shirika la SOFEPADI. Kituo chao cha Karibuni wa Mama kimepokea wanawake wengi, kikawatibu na kuwafariji. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulimpa mama Lusenge tuzo ya haki za binadamu. Tena tusisahau masista na akina Mama Katolika, ambao wamelaza wageni wa namna hii katika vyumba vyao wenyewe, bila tuzo na bila picha.

Sifa ziwe kwao. Lakini hapa lazima tutofautishe mambo mawili ambayo twayachanganya kila siku: haki na huruma. Huruma humpa mtu kitu nisichomwia. Haki humpa kilicho chake. Mwajiri asiyelipa mshahara, kisha akampa mfanyakazi wake mkate siku ya Noeli, hajafanya huruma. Amefunika wizi kwa mkate. Vivyo hivyo, kama mama aliyepigwa anayo haki ya kulindwa na kutibiwa, na sisi twampa ulinzi ule kama sadaka tu, siku tunayo na siku hatuna, hatujamtendea haki. Tumemfanya mwombaji wa kitu kilicho chake.

Je, ni chake kweli? Tusome sheria za nchi yetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, yaagiza wenye mamlaka wapige vita kila namna ya ukatili juu ya wanawake, katika mambo ya watu wote na katika maisha ya nyumbani pia. Tena Kongo imo katika mataifa ya Afrika yaliyokubali mapatano ya Maputo ya mwaka 2003 juu ya haki za wanawake. Katika mapatano hayo mataifa hayakuahidi sheria peke yake. Yaliahidi pia kutenga fedha ili kuzuia ukatili na kuukomesha. Basi si sisi tunaoidai Leta kitu kipya. Ni Leta yenyewe iliyoandika deni kwa mkono wake na kutia sahihi.

Tena mama huyu hulipa. Akiuza mihogo na makayabu sokoni, hutozwa ushuru wa soko. Akivusha vitambaa kutoka Uganda, hutozwa forodha. Leta yamjua sana anapokuwa na franka mkononi. Je, isimjue anapokuwa na damu usoni?

WANAWAKE WAWILI KATIKA CHUMBA KIMOJA

Hapa tufikiri juu ya jambo moja gumu. Tuweke vitanda viwili katika chumba kimoja cha hospitali. Katika kitanda cha kwanza amelala mama aliyekimbia kutoka Djugu, aliyeumizwa na watu wenye silaha. Katika kitanda cha pili amelala mama wa mjini, aliyeumizwa na mume wake. Majeraha yanafanana. Machozi yanafanana.

Kwa ajili ya yule wa kwanza, sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeweka mfuko wa taifa, uitwao FONAREV. Mfuko huo wawahusu walionajisiwa katika vita na wale walioumizwa kwa makosa makubwa juu ya amani na utu. Tena umepewa chanzo cha fedha kinachojulikana: sehemu 11 katika kila 100 za ule ushuru ambao wenye machimbo ya madini huilipa serikali. Neno hili ni jema. Sisi watu wa Ituri, tuliozaliwa karibu na dhahabu ya Kilo na Mongbwalu, twajua ni damu ngapi imemwagika kwa ajili ya madini. Ni haki madini yalipe. Wala asiwepo wa kumwonea wivu mama wa kitanda cha kwanza. Amengoja muda mrefu, na wengi kama yeye wangali wakingoja.

Lakini mama wa kitanda cha pili hamo katika mfuko ule. Yeye aliumizwa na mtu mwenye cheti cha ndoa.

Mtu mwenye akili atasema, "Sababu ipo. Mfuko ule ni wa fidia. Leta ilishindwa kulinda amani ya nchi. Ndiyo maana yalipa. Lakini haikumpiga mama wa kitanda cha pili." Jibu hili lina nguvu, nasi hatutalirusha nyuma ya mgongo. Ni kweli, fidia ya vita ni neno moja, na msaada kwa mama aliyepigwa nyumbani ni neno lingine. Si lazima zitoke katika mfuko mmoja.

Walakini tuulize: je, Leta haina sehemu yo yote katika unyonge wa mama huyu? Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilidai mke apate ruhusa ya mume wake kwa kazi nyingi za kisheria. Sheria hiyo haikugeuzwa mpaka tarehe 15 Julai 2016. Kwa muda wa miaka karibu 29, serikali yenyewe iliuweka mfuko wa mke katika mkono wa mume. Mtu akimfunga mwenzake miguu, kisha mwingine akaja kumpiga yule aliyefungwa, je, aliyefunga atanawa mikono na kusema, "Mimi sikupiga"? Pilato naye alinawa.

Basi twasema hivi: kuna tofauti katika kosa, na tribinali ilitazame kosa hilo. Lakini katika mlango wa hospitali na katika mlango wa nyumba ya kimbilio, swali la kwanza lisiwe, "Ni nani aliyekupiga?" Liwe, "Unaumia wapi?"

LAKINI WATU WATASEMA…

Wa kwanza asema: "Nyumba za kimbilio zitavunja ndoa." La, ndugu. Ngumi ndiyo inayovunja ndoa. Kimbilio huokoa kilichobaki. Sheria ya Eklezya yenyewe, katika kifungu cha 1153, yamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake akimletea hatari kubwa ya roho au ya mwili, yeye au watoto. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo wa jamaa, alisema wazi ya kuwa kumpiga mke si nguvu za kiume, bali ni tendo la mwoga. Tena kwamba mara nyingine kutengana kwapasa kabisa, ili kumwokoa mnyonge.

Watu hupenda kumtaja Mtakatifu Monika, aliyemvumilia mume wake mkali. Ni kweli. Lakini mwana wake Agostino atuambia pia ya kuwa katika mji wao wanawake wengi walikuwa na alama za mapigo usoni. Eklezya yamheshimu Monika kwa uvumilivu wake. Haijayabariki kamwe mapigo ya majirani zake. Utakatifu wa mtu aliyeteswa si ruhusa kwa mtesaji. Na sisi wenyewe, mapadri, makatekista, wakubwa wa shirika, tujipige kifua: ni mara ngapi tumemrudisha mama nyumbani kwa neno moja tu, "Sali, vumilia," bila kumwita mume na bila kuuliza kama atafika kesho akiwa mzima?

Wa pili asema: "Nchi ni maskini, tena iko vitani. Kwanza amani, kisha mambo ya akina mama." Lakini ni amani gani hiyo ambayo nusu ya raia hawaioni wakifunga mlango jioni? Mtoto aonaye kila juma ya kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki, amekwisha kusoma somo la kwanza la vita kabla ya kushika bunduki. Tena tutazame jirani zetu. Rwanda haina dhahabu kama yetu. Hata hivyo mwaka 2009 ilianzisha katika hospitali ya Kacyiru, Kigali, kituo kiitwacho Isange. Mahali pamoja mama hukuta mganga, polisi na mshauri wa sheria, bila kulipa. Baadaye vituo hivyo vilienezwa katika hospitali za wilaya. Sheria peke yake haitoshi: Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, iliandika sheria juu ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, Kenya mwaka 2015. Lakini sheria isiyo na kitanda, dawa wala mshahara wa muuguzi ni mkono mtupu, na mkono mtupu haulambwi.

Wa tatu asema: "Leta ikitoa fedha, wakubwa watazila." Hofu hii twaielewa sana. Lakini kwa hoja hiyo tusijenge barabara wala masomo. Mwizi akiingia shambani, hatuachi kulima, twaweka mlinzi. Fedha ziandikwe, zisomwe mbele ya watu, na wale wanaofanya kazi wapewe nafasi ya kuzichungulia.

Wa nne asema: "Wafadhili wapo." Walikuwapo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika lake la USAID likaacha kazi kabisa. Huku mashariki ya Kongo vituo vikapungukiwa na dawa. Sasa fahamuni jambo hili: mwanamke aliyenajisiwa, awe alinajisiwa na askari au na mtu wa nyumbani, ana saa 72 tu za kuanza dawa ya kuzuia ukimwi. Saa 72 hazingoji uchaguzi wa nchi nyingine. Haifai uhai wa mama wa Bunia uning'inie kwenye kalamu ya mtu wa Washington, ambaye hatukumchagua wala hajui njia ya kufika Bunia. Tuwashukuru waliosaidia, lakini mgeni si mwenye nyumba.

KILA MMOJA NA KAZI YAKE

Je, twataka basi Leta ichukue kila kitu, iwafukuze masista na akina mama wa mashirika? Hasha. Baba Mtakatifu Pio XI, mwaka 1931, alifundisha ya kuwa chama kikubwa kisinyang'anye chama kidogo kazi ambayo hicho chaweza kuifanya vizuri. Kazi ya mkubwa ni kumsaidia mdogo. Mama aliyepigwa hatafuti ofisi yenye bendera; atafuta mtu wa kumwita mwanangu. Basi mkono unaomshika uwe wa jirani. Lakini fedha inayolisha mkono ule itoke katika hazina ya wote, kila mwaka, kwa sheria, si kwa bahati. Huruma itangulie mbio, lakini haki ije nyuma na kulipa.

Kumbukeni mfano wa Bwana wetu Yezu Kristu juu ya Msamaria mwema. Sisi hupenda sana mafuta na divai, na punda. Twasahau fedha. Msamaria yule alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, na kesho yake akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku nzima. Tena akaahidi ya kuwa akirudi atalipa yote yatakayozidi. Hakumwambia mwenye nyumba, "Wewe una moyo mwema, mtunze bure." Huruma yake ilikuwa na hesabu.

Hapa Bunia wenye nyumba tunao. Wamekwisha kupokea majeruhi wengi, na mafuta yamewaishia. Wanangoja yule aliyeahidi kurudi.

Basi wewe mume, uanze leo: shusha mkono. Hakuna bajeti itakayotubu mahali pako. Wewe jirani, ukisikia kilio usifunge dirisha, bisha hodi. Wewe katekista, kabla ya kusema "vumilia", mpeleke kwanza kwa mganga. Nanyi mnaopanga fedha za nchi na za jimbo, wengi wenu mlibatizwa na kusomeshwa katika misioni zetu. Mkiketi mbele ya karatasi zenye safu za hesabu, tafuteni safu ya mama huyu. Msipoiona, msiseme imesahauliwa na makarani. Iandikeni ninyi wenyewe, kisha mwenye nyumba alipwe.